Kipi Kati ya Hivi Viwili ni Kaktasi?

Hii ni hotuba niliyoitoa Moshi, siku klabu yetu ya kaktasi na sakulenti, yaani mimea inayoweka akiba ya maji mwilini, ilipowafungulia wageni mlango. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nilichoondoa ni pale spika ilipokuwa inakoroma tu.

Wazee wetu, akina mama, akina baba, na nyie wanafunzi mliokaa chini kwenye nyasi, habari za mchana. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kumtaja mmoja mmoja chai itapoa.

Mimi ni fundi cherehani. Nalisema mapema ili mtu asidhani yuko mbele ya profesa. Sindano naijua, na nadhani ndiyo iliyonileta kwenye mimea ya miiba. Miaka mingi nimechomwa vidole kazini, nikaona si vibaya nichomwe na kitu chenye maua.

Hapa mezani kuna vipande viwili. Hiki cha kwanza kimetoka kwenye ua wa shamba la shemeji yangu, njia ya Himo. Kina pembe nne kama boriti, kijani, na pembeni kuna miiba. Mti wake ukikua matawi yanasimama juu kama kinara cha mishumaa. Hiki cha pili ni bapa kama chapati iliyokunjuka vibaya, nacho kina miiba. Nyoosheni mikono: kipi ni kaktasi?

Naam. Wengi mmenyooshea hiki cha kwanza, kwa sababu kinafanana na ile ya kwenye filamu za wapanda farasi. Sasa tazameni. Nakikata kwa kisu. Mnaona maziwa? Yanatiririka kama ng'ombe wa Machame. Kaktasi ninayoikata hivi, hii bapa, inatoa uteute tu, kama bamia. Hiyo ya maziwa ni yuforbia, ndugu wa karibu wa manyara na wa mbali wa muhogo na mbarika. Si kaktasi hata kidogo.

Mwenye macho mazuri asogee, nina kioo cha kukuzia, kile ninachotumia kutungia uzi jioni. Kwenye kaktasi, kila kundi la miiba linaota juu ya kidoa chenye manyoya, kama kipande kidogo cha pamba kilichobandikwa. Wataalamu wanakiita arioli. Kaktasi zote zinacho, hata zile ambazo miiba yake imekufa au haikuwahi kuwepo. Yuforbia haina. Miiba yake hii imekaa miwili miwili kwenye ukingo, kama pembe za mbuzi, na chini yake hakuna pamba. Ukishajua hilo hutadanganywa tena sokoni.

Kaktasi zina asili ya Marekani: ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini. Zipo aina zaidi ya 1,500 na karibu zote ni za kule. Yuforbia zenye miiba, nyingi ni za kwetu Afrika. Hazina undugu, lakini jua limezipiga sawasawa, kiu imezibana sawasawa, na kila upande ukafikia jibu lilelile: tupa majani, nenepesha shina, weka maji ndani, zungushia miiba. Ni kama mafundi wawili wasiojuana, mmoja Moshi na mmoja Mexico, wamepewa kitambaa kidogo kilekile na mteja mnene yuleyule. Mshono utafanana tu.

Nimesema karibu zote. Ipo kaktasi moja ambayo ni mwenyeji wa Afrika, jina lake Rhipsalis baccifera. Inaota pia Madagaska na Sri Lanka, na kwetu inapatikana kwenye misitu yenye unyevu, Usambara ikiwemo. Mkiiona hamtaamini. Haina miiba ya kuogopesha, haikai jangwani, inaning'inia kwenye matawi ya miti mikubwa kama kamba za kijani zilizosahauliwa, na matunda yake ni meupe, madogo kama shanga. Wengi wanadhani ndege waliimeza mbegu wakavuka nayo bahari. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa kujiamini kwamba Tanzania haina kaktasi ya asili, mwache amalize, kisha umpeleke Usambara.

Nirudi kwenye manyara, kwa sababu kuna jambo lazima niliseme kabla mtoto hajashika kitu hapa mezani. Manyara, au mnyaa kama wengine mnavyouita, ndio ule mti wa vijiti vya kijani mnaouona kwenye nyua za mashamba na maboma. Wamaasai wanauita emanyara, na Ziwa Manyara lina jina la mti huo. Ng'ombe haupendi, mbuzi haupendi, moto haupendi sana. Ni ua usiohitaji seng'enge. Lakini maziwa yake ni makali. Mwaka mmoja nilikuwa napunguza ua wa nyumbani, jua kali, jasho likanishuka, nikajifuta jicho kwa mkono uleule. Jamani. Nilihisi kama mtu amenikamulia pilipili iliyochanganywa na betri. Mama mkwe alinishika kichwa akanimwagia maji ya bomba hata sijui muda gani, ndoo baada ya ndoo, huku nikipiga kelele. Ndivyo inavyotakiwa: maji safi, mengi, muda mrefu, kisha hospitali siku hiyohiyo. Nilikaa siku mbili naona ukungu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya klabu yetu ni miwani na glovu unapokata yuforbia, na kisu kinaoshwa kabla hakijarudi jikoni. Hii haina mjadala.

Sasa hiki chungu cha tatu kila mtu anacho, hata wasiopenda mimea. Majani yamesimama kama mapanga, yana mistari. Wapo wanaoyaita ulimi wa mama mkwe, jina ambalo mimi silitumii kwa sababu niliyoieleza, yule mama aliniokoa jicho. Kwa miaka mingi mmea huu uliitwa sansevieria. Miaka ya karibuni wataalamu wamechunguza vinasaba wakauhamishia kwenye jenasi, yaani kundi la mimea ndugu, iitwayo Dracaena. Mtaniuliza, inatuhusu nini? Inatuhusu sana sisi watu wa mlimani, kwa sababu Dracaena ndiyo masale, au isale likiwa moja.

Wachagga mliopo hapa sina haja ya kuwaeleza isale. Ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ni alama ya kaburi la mzee, ni msamaha. Nilipokuwa bado mgeni katika ukoo wa mume wangu kulikuwa na ugomvi wa mpaka, ndugu wawili hawasalimiani, hata maji ya mfereji wanagombea. Jioni moja shemeji alikuja ameshika jani la isale mkononi. Hakusema kitu. Baba mkwe alilipokea, akalitazama, akaita watu waketi, na mbege ikatolewa. Mimi niliyekulia Tanga niliona ni jani tu. Leo hii naambiwa kwamba hiki chungu kilichopo kwenye korido za ofisi, kinachomwagiwa chai iliyobaki na wahudumu, ni binamu wa jani lile. Tangu nisikie hivyo nimekiheshimu zaidi, nakiri.

Na si huyu mmoja tu. Aina za sansevieria za porini tunazo nyingi, kuanzia zile fupi kama vijiti hadi zile ndefu za kutengenezea kamba. Wamaasai aina mojawapo wanaiita oldupai. Korongo la Olduvai, lile ambalo dunia nzima inalitaja kwa mafuvu ya watu wa kale, limepata jina kwa mmea huo. Inasimuliwa kwamba Mjerumani aliyefika pale mwaka 1911, Wilhelm Kattwinkel, aliuliza jina la mahali, akasikia vibaya, akaandika alivyosikia. Basi tuna ziwa maarufu lililopewa jina la sakulenti na korongo maarufu lililopewa jina la sakulenti, na bado watu wananiuliza kwa nini tunahangaika na majani ya porini.

Neno sakulenti, kwa walio wapya, ni mmea wowote unaoweka akiba ya maji mwilini: kwenye jani, kwenye shina au kwenye mzizi. Kaktasi ni sakulenti, lakini sakulenti nyingi si kaktasi. Shubiri ni sakulenti. Mkonge ni sakulenti, na huo ni mgeni kama mimi: Richard Hindorf aliagiza miche yapata elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, ikafika Tanga ikiwa hai sitini na kitu tu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Waridi la jangwani, lile la shina nene kama chupa na maua ya rangi ya waridi, ni sakulenti, na utomvu wake ni sumu ambayo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka kwenye mishale. Msiliweke mahali mbuzi anapofika.

Mimea hii inaishije bila kunywa kila siku? Jani la kawaida, la mgomba tuseme, hufungua vitundu vyake mchana ili livute hewa ukaa. Vikifunguka, maji nayo yanatoka. Mgomba wa Kibosho hauna wasiwasi, mfereji uko karibu. Lakini sakulenti nyingi hufanya kama watu wa Kahe wakati wa joto: mchana madirisha yote yamefungwa, usiku yanafunguliwa. Usiku jani lake linavuta hewa ukaa na kuihifadhi kama asidi, mchana vitundu vimefungwa na jua linatumika kuipika ile akiba. Mwanzoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne aliyekuwa India alitafuna jani la mmea wa namna hii asubuhi akaliona kali kama ndimu, akalitafuna mchana likawa halina ladha. Nyie msijaribu, mimea ya ukoo ule ina sumu. Heyne alibahatika.

Hapo ndipo tunafika kwenye kesi ya mauaji, na muuaji ni mimi.

Kaktasi yangu ya kwanza niliinunua Kiboriloni, ndogo kama ngumi, mviringo, imejaa miiba ya manjano. Nikaiweka sebuleni juu ya kabati la televisheni, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka naimwagilia kikombe kimoja. Nilikuwa naona nafanya wema. Ilikuwa Machi, masika ndiyo inaanza. Wiki ya tatu ikawa inang'aa, imenenepa, nikawaonyesha wateja. Wiki ya tano nikaigusa ikabonyea kama parachichi lililopitiliza. Nikaivuta kidogo, ikabaki mkononi, na chini yake hakuna mzizi, kuna uji wa kahawia wenye harufu ya gongo. Nikamlaumu aliyeniuzia. Baadaye nilipojiunga hapa, mzee mmoja wetu aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, uliimwagilia kwa sababu ina kiu, au kwa sababu wewe umeamka?"

Sijawahi kupata jibu la heshima la swali hilo.

Hapa Moshi adui yetu si ukame. Tuna masika kuanzia Machi hadi Mei, tuna vuli, na katikati kuna Juni na Julai ambapo wingu linakaa mlimani siku nzima na jua hatulioni hadi saa tisa. Kaktasi haiogopi baridi yetu hiyo, inaogopa baridi pamoja na unyevu. Kwa hiyo wakati wa masika zangu zote zinahamia chini ya bati la plastiki linalopitisha mwanga. Juni na Julai nasahau kabisa ndoo iko wapi. Kuanzia Septemba jua linaporudi ndipo namwagilia vizuri, maji yatoke chini ya chungu, kisha naacha hadi udongo ukauke wote. Kupima si kwa kidole juu juu. Chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke hadi chini, kiache kidogo, kitoe. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania, funga bomba uende ukafanye kazi nyingine.

Udongo nao. Udongo wetu mweusi wa mlimani unaotuotesha migomba unashika maji kama sponji, na kwa kaktasi hilo ni jeneza. Tunapima kwa sado: sado moja ya udongo, sado moja ya mchanga wa mtoni uliooshwa, na sado mbili za changarawe za volkano, zile nyekundu nyepesi zenye vitundu. Hizo wazungu wanazinunua kwa kilo madukani. Sisi mlima umetumwagia bure, tunajengea na kujazia mashimo ya barabara. Wengine wanaongeza pumba za mpunga zilizochomwa au chenga za mkaa. Mimi chenga za mkaa nazipenda, pumba sizipendi. Kuna mwanachama hapo nyuma ananitikisia kichwa. Tutagombana kwenye chai.

Na chungu kiwe na tundu. Nalisema hili kwa uchungu. Kila Jumamosi ya mkutano, kando ya meza ya kubadilishana miche, tunaweka meza tunayoiita wodi. Mtu analeta mmea wake unaoumwa, tunauzunguka kama madaktari. Mwezi mmoja alikuja baba mmoja na kaktasi ya nguzo, urefu wa mkono, ameipanda kwenye sufuria. Sufuria nzuri kabisa, zawadi ya harusi, inang'aa, haina tundu hata la sindano. Kaktasi ilikuwa imeanza kuwa ya manjano chini. Tulipoiinua ilitoka na maji ya wiki kadhaa, na harufu iliwafanya wawili wasogee dirishani.

Tukaikata. Kipande cha kwanza cha chini, kahawia tupu. Tukafuta kisu kwa spiriti, tukakata tena juu kidogo: katikati kuna duara la kahawia kama sarafu. Spiriti, tena: duara limekuwa kama kifungo cha shati. Tena: kama kitundu cha kifungo. Yule baba alikuwa amekaa kimya, kila kipande kikianguka anafumba macho. Mara ya saba kikatokea kijani kitupu, cheupe katikati, safi, hakuna hata nukta. Kilichobaki kilikuwa urefu wa kidole cha kati. Tukampa kwenye gazeti akakiweke kivulini wiki mbili bila udongo, bila maji, jeraha lijifunge. Nendeni mkakitazame meza ya tatu, kwenye kopo jekundu. Kimetoa mizizi, na juu kimeanza kugawanyika matawi mawili. Sufuria amerudishiwa mke wake.

Mambo mengine ya klabu nitayapitia haraka. Tunakutana mara moja kwa mwezi nyumba kwa nyumba, mwenye nyumba anatoa chai, wengine tunaleta maandazi na vichipukizi. Ada ipo lakini ni ndogo, na mtu akikosa analipa kwa viriba vilivyojazwa. Tunafundishana kubebesha, yaani kuunganisha kaktasi dhaifu juu ya shina la kaktasi yenye nguvu. Tunawinda vidung'ata, wale wadudu weupe kama unga wanaojificha kwenye mikunjo, kwa brashi ya rangi na spiriti, mmoja mmoja. Kuna mwanachama anayelima matunda ya dragoni, ambayo nayo ni kaktasi, na ua lake linafunguka usiku mmoja tu. Yeye huamka saa sita za usiku na brashi kwenda kuchavusha kwa mkono, kwa hiyo msimshangae akisinzia sasa hivi.

Na tuna ua letu la aibu. Hili hapa, Stapelia gigantea. Kwa asili linapatikana kutoka huku kwetu Tanzania hadi Afrika Kusini. Shina lake ni la kawaida tu, kama vidole vya kijani, lakini ua likifunguka linaweza kufika sentimita 40, lina manyoya, lina mistari ya rangi ya nyama, na linanuka mzoga. Linataka nzi, na nzi wanadanganyika hadi wanataga mayai juu yake. La kwangu lilifunguka dukani Jumatatu moja. Wateja wawili walikuja kupimwa sare, wakaondoka haraka. Mchana binti anayenisaidia alihamisha cherehani zote akitafuta panya aliyekufa. Tulivuta hadi kabati la vitambaa. Jioni ndipo nilipoona nzi wamejaa dirishani juu ya chungu, nikacheka hadi nikakaa chini. Binti hakucheka. Ameniambia siku ile mmea ukichanua tena yeye yuko likizo.

Sasa nizungumze jambo ambalo limetugombanisha hata sisi kwa sisi.

Mara mbili kwa mwaka tunakodi basi dogo tunaelekea upande wa Mwanga na Same. Ukishavuka Himo mvua inakuwa haba, na dirishani unaona dunia nyingine: mibuyu, mikonge iliyoachwa, yuforbia, shubiri zenye maua mekundu. Tunashuka, tunatazama, tunapiga picha, tunaandika mahali mmea ulipo: juu ya jiwe, chini ya kichaka, upande gani wa mteremko. Hilo ndilo darasa la udongo kuliko nilivyowaeleza mimi. Safari moja tuliporudi, mtu alifungua buti kutoa maji, akakuta shubiri kubwa imefungwa kwenye kanga, mizizi inaning'inia. Mwenzetu aliiona nzuri, akaing'oa. Hakuwa mwizi, ni mpenzi wa mimea kama sisi. Tulibishana barabarani nusu saa. Wengine wakasema zipo nyingi, moja ina nini. Tuligeuza gari. Tulimrudisha akaichimbia palepale alipoitoa, kwa mikono, tukimtazama, na alikasirika miezi miwili.

Mimi nilikuwa upande wa kugeuza gari, na ningegeuza tena. Shubiri ya ukubwa ule imechukua miaka kufika pale, na kila mtu mwenye buti anafikiri vilevile, moja ina nini. Mwaka 2015 ulitolewa utafiti wa kaktasi za dunia nzima ukaonyesha asilimia 31 ya aina zake ziko hatarini kutoweka, na wanaozing'oa kwa ajili ya makusanyo na biashara ni miongoni mwa sababu kubwa. Yaani watu kama sisi. Ndiyo maana mkataba wa CITES, unaotumika tangu 1975, unabana biashara ya kimataifa ya karibu kaktasi zote, ya yuforbia sakulenti, na ya shubiri zote isipokuwa ile Aloe vera ya mashambani. Ukimtumia binamu yako Ujerumani mche wa shubiri ya porini kwenye bahasha bila kibali, umevunja sheria, hata kama ni zawadi ya Krismasi.

Na hakuna haja. Shubiri inatoa watoto pembeni na inatoa mbegu za kujaza bahasha. Wenye kuku wa kienyeji wanajua kuikata majani bila kuing'oa, wanatia kwenye maji ya kuku wakiamini inazuia mdondo. Akina mama walioachisha watoto ziwa wanajua tone moja linatosha. Kama unaitaka, subiri ikomae, omba mbegu. Mojawapo ya shubiri za mlima wetu, Aloe volkensii, ina jina la Georg Volkens, Mjerumani aliyekaa Kilimanjaro miaka ya 1890 akichunguza mimea. Yeye alikuwa na kisingizio cha kukusanya, ilikuwa haijulikani kwenye vitabu. Sisi tuna simu zenye kamera.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni hii chapati yenye miiba, dungusi. Huku tunazuia watu kung'oa, huku nawaomba msiipande. Australia waliipanda kama ua wa kuzungushia mashamba, ikawatoroka, hadi miaka ya 1920 ilikuwa imefunika takribani hekta milioni 24. Mwaka 1926 wakaachia nondo aliyetoka Argentina ambaye viwavi wake wanaila kwa ndani, na wakashinda. Wakulima wa Boonarga, Queensland, walijenga ukumbi mwaka 1936 wakaupa jina la nondo huyo. Ukumbi wa kijiji, kwa heshima ya mdudu! Hapo jirani zetu Laikipia, Kenya, wafugaji wanahangaika nayo hadi leo: tembo na nyani wanakula matunda na kusambaza mbegu, na mbuzi wanaoyala wanajaa vimiiba mdomoni na tumboni. Kule nao wametumia mdudu, jamaa wa yule aliyekuwa akitoa rangi nyekundu ya vitambaa huko Mexico. Kama fundi cherehani nilifurahi kusikia hilo, lakini mbuzi hawakufurahi.

Kipande kimoja cha dungusi kikitupwa korongoni kinaota. Ukipunguza ya kwako, usitupe mtoni wala jalalani. Kianike juu ya bati hadi kikauke kabisa, kisha kichome. Na vile vimiiba vidogo kama nywele vikikuingia mkononi, usisugue. Bandika selotepu, vuta. Rudia.

Nimemaliza, spika imeanza tena kukoroma. Kwenye meza ya mwisho kuna vipande vya kaktasi ya nguzo na vya sansevieria, tumevikata juzi kwenye mimea yetu wenyewe. Kila mmoja achukue kimoja, watoto wachukue sansevieria, haina mwiba wala maziwa. Kimefungwa kwenye gazeti, kiacheni humohumo kivulini, juu ya kabati, wiki nzima, ncha ikauke iwe ngumu kama kucha. Kisha mkipande kwenye kopo lenye matundu, na msitie maji hadi wiki nyingine ipite. Mkija na kopo hilo mkutano ujao nitalibonyeza kwa kidole, na nitajua nani aliamka asubuhi na kikombe mkononi.